Iringa mpaka Matema kwa pikipiki, njia ya Makete na Kitulo

Wakuu habari za siku. Kuna watu wananidai hii simulizi tangu tumerudi, nimechelewa kwa sababu noti nyingi nilikuwa naandika kwenye simu nikiwa juu ya pikipiki imesimama, mvua inanyesha, kwa hiyo ikabidi nikae na picha nizipange kwa muda wake ndo nikaelewa nini kilitangulia nini.

Shughuli yenyewe ilikuwa mkusanyiko wa waendesha pikipiki pale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wikiendi moja ya mwezi wa pili. Watu wa Mbeya, Songea, Dodoma, wachache wa Dar, na jamaa wa Malawi waliovukia Kasumulu. Sisi wa Iringa tulikuwa wanne. Mimi na Boxer 150 yangu ambayo siku za kawaida inanipeleka kazini na kubeba gesi. Anti naye Boxer, ila yake kaitunza mpaka inakera. Mwalimu na TVS 125. Na Bosi, yeye ana dude la cc 650, jina la kampuni naliacha, maboksi ya aluminiamu pembeni, taa za ukungu, kishikio cha simu, kila kitu.

Njia fupi ni lami mwanzo mwisho, unakwenda Makambako, Uyole, unakata kushoto Tukuyu mpaka Kyela. Tukasema hiyo tutarudia. Kwenda tupite juu, Njombe, Makete, Kitulo, tukatokee Isyonje kwenye lami ya Mbeya Tukuyu. Mjini hapa tuliambiwa sana kwamba ile njia mwezi wa pili sio ya Boxer, mtarudishwa kwenye Fuso, mtaona.

Jumatano: Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe (kama kilomita 240)

Makubaliano saa kumi na mbili asubuhi Ipogolo. Tumeondoka saa mbili kasoro, Bosi alikuwa bado anafunga maboksi. Anti ndo wa kwanza kufika, kashajaza tangi, kashakunywa chai na chapati kwa mama ntilie, akatupokea na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mpaka Ifunda hakuna cha kusimulia, baridi ya asubuhi na watoto wa shule. Kinachotakiwa akili ni malori. Hii ndo barabara ya Zambia na Kongo, matenki ya mafuta na makontena yamefuatana kwenda Tunduma, na yakipanda kilima yanatambaa. Kwa wageni wa hii njia: dereva wa lori mbele yako akiwasha indiketa ya kulia anakwambia tulia, kuna gari inakuja. Akiwasha ya kushoto anakupa njia. Wengi wanafanya hivo kwa roho safi kabisa ila wewe bado chungulia kwa macho yako, maisha ni yako sio yake. Na ukiona matawi ya miti yamelazwa barabarani punguza mwendo hapo hapo, kuna gari bovu mbele na mara nyingi liko kwenye kona.

Vijijini mwendo mwisho hamsini, tochi za trafiki zipo, na faini ni elfu thelathini ambayo ni zaidi ya mafuta ya siku nzima kwa Boxer. Sisi hatukupigwa tochi kwa sababu tulikuwa tunamfuata Mwalimu na TVS yake, na TVS ya Mwalimu haina uwezo wa kuvunja sheria.

Mafinga tukanywa supu. Hapa kuanzia msitu wa Sao Hill ni mipaini na mikaratusi pande zote, malori ya mbao na nguzo za umeme yanatoka kwenye barabara za vumbi bila kuangalia, na mvua ikianza ule udongo wanaouacha kwenye lami unateleza vibaya. Mvua ilianza baada ya Nyororo. Tukasimama kwenye kibanda cha mpesa kuvaa makoti, mwenye kibanda akatufungulia mlango wa nyuma tuingie na mizigo, tukakaa naye karibu saa nzima tunasikiliza bati. Alikataa hela, akasema ninunue vocha basi, nikanunua ya buku mbili.

Makambako chipsi mayai elfu tatu na mia tano, kachumbari ya maana. Ukifika pale njia panda ya kulia inaendelea Mbeya, kushoto Njombe na Songea. Ukikata kushoto malori yanapungua ghafla na barabara inakuwa tamu, kona za kulala, vilima vya majani, mashamba ya chai na parachichi. Hapa ndo Bosi alifungulia akapotea, tukamkuta mjini Njombe kashaoga.

Njombe ni baridi jamani. Sio baridi ya kusema, ni baridi ya kulala na soksi. Gesti elfu ishirini, na nawashauri kabla hujalipa fungulia bomba la maji ya moto mwenyewe ulishike, usiulize, maana ukiuliza utajibiwa yapo. Kuna maporomoko ya Luhuji karibu na barabara hapo hapo mjini, tulikwenda jioni kwa miguu, maji mengi kwa ajili ya mvua. Usiku tukala kitimoto na ndizi za kukaanga, Mwalimu yeye hali nyama hiyo akaagizia kuku jirani, kuku akachelewa, akamaliza ndizi zetu zote.

Alhamisi: Njombe, Makete (kilomita 107)

Asubuhi muuza magazeti pale stendi alikuwa na magazeti ya juzi, nikanunua manne kwa mia tano. Unalipanga kifuani chini ya koti, jingine mgongoni. Bosi alicheka, yeye ana jaketi la laki nane. Saa moja baadaye Bosi aliulizia kama kuna la ziada.

Barabara ya Njombe Makete siku hizi ni lami yote, na nasema wazi sijawahi kuendesha barabara nzuri kama hiyo hapa nchini. Inapanda na kushuka mabonde muda wote, hakuna gari, ukungu unafunga unafunguka, unatoka kwenye kona unaona kijiji kizima kiko chini yako na moshi wa asubuhi. Tulikuwa tumepanga kwa saa tatu na mapumziko. Ilituchukua siku nzima, na sababu yake ni kitu kidogo kuliko punje ya hindi.

Tumeshapita Moronga, Bosi akasimama mbele akiwa ameinua mkono. Waya wa klachi umekatika. Sio kati kati, umekatika pale kwenye kile kirisasi cha mwisho kinachokaa kwenye mkono wa klachi. Ana tuli boksi, ana kompresa ya kujazia upepo, ana kifaa cha kusoma makosa ya injini, waya wa klachi wa akiba hana, na wa pikipiki yake alisema unaagizwa nje, wiki tatu.

Tukamsukuma mpaka kwenye senta ya jirani, vijana wa bodaboda wakaja kuangalia. Mmoja akasema ngoja nimwite dogo. Dogo akaja na kopo la bati lina vifaa vyake vyote. Ana kama miaka ishirini, ana sweta la shule. Hakuongea. Akauchomoa waya, akaunyoosha kwenye paja, akaangalia ule mwisho uliochanika nyuzi, akausokota kwa mate na vidole mpaka nyuzi zote zikalala pamoja. Alafu akatoa mfukoni kile kipande cha plastiki cheupe cha kuungia nyaya za umeme wa nyumba, akakivunja kwa koleo, ndani kuna kijipande cha shaba chenye skrubu mbili. Akaupitisha waya ndani ya ile shaba, akakaza skrubu zote mbili, akakunja ncha, akagonga na nyundo kidogo. Hicho ndo kikawa kichwa kipya. Akajaribu kukipachika kwenye mkono wa klachi, hakiingii, akakipiga tupa pembeni mpaka kikaingia.

Sasa waya umekuwa mfupi kama sentimita mbili. Bosi akasema basi hapo ndo mwisho. Dogo akamwangalia, akachukua lile gamba la nje la waya akalikata sentimita mbili na msumeno wa chuma. Imeisha. Klachi ikakaa kama ya kiwandani.

Bei gani? Elfu tano. Bosi akatoa elfu ishirini, dogo akawa hana chenji, Bosi akamwambia kaa nayo, dogo akakataa mpaka mzee mmoja pembeni alipomwambia kwa Kikinga sijui nini ndo akaipokea. Kazi ilipoisha akatupatia vipande viwili vya shaba vya akiba, alisema huko mnakokwenda nyumba nyingi hazina umeme mtapata shida.

Kwa hiyo orodha ya akiba kwa ushauri wangu: waya wa klachi na wa mafuta, plagi, tyubu ya mbele na nyuma, kiunganishi cha cheni, na hivyo vijidude vya shaba ambavyo duka la vifaa vya umeme wanakuuzia kwa mia mbili. Ukiwa na Boxer au TVS waya nenda nao tu kwa amani ya moyo, ila ukikatika kila senta yenye kijiwe cha bodaboda unapata. Hii tofauti nilikuwa sijaiona vizuri mpaka siku ile.

Wakati dogo anafanya kazi mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba isiyoisha. Mama mmoja nyumba ya pili akatuita. Jiko lake la kuni liko nje kidogo, limeezekwa, akatuambia weka hizo glavu hapo juu zikauke, msizichome. Akatumegea viazi mviringo vya kuchemsha na chumvi, chai ya rangi. Alimuuliza Anti mume wako ni yupi kati ya hawa, Anti akasema mama hawa wote ni mizigo. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Kulikuwa na wazee wanakunywa ulanzi, pombe ya mianzi, hapo karibu, mvua ndo msimu wake, wakatukaribisha kwa nguvu na tukakataa kwa adabu, ulanzi mtamu lakini na ile barabara hapana.

Ikonda tumepita jioni. Hospitali ya pale wagonjwa wanatoka mikoa ya mbali na ndugu zao wanaouguza, gesti zinajaa, kama unapanga kulala Ikonda wahi. Sisi tulisogea mpaka Makete mjini, gesti elfu kumi na tano, blanketi mbili kila kitanda na ya tatu ukiomba.

Ijumaa: Makete, Kitulo, Isyonje, Tukuyu, Matema

Hii ndo siku yenyewe. Kilomita 96 za Makete mpaka Isyonje, sehemu kubwa sio lami, tukajaza mafuta full na lita tano kwenye dumu. Juu huko mafuta ni ya chupa, yalikuwa elfu nne kwa lita, na sheli ya mwisho ya uhakika ni Makete.

Tulitaka kuondoka saa kumi na mbili, ukungu ukatukatalia mpaka saa mbili na nusu, ulikuwa mzito hata taa za ukungu za Bosi zilikuwa zinamulika ukungu tu. Tukaanza kupanda. Kuanzia hapo pikipiki zetu tatu ndogo zikaanza kukosa pumzi, gia ya tatu hapana, gia ya pili inalalamika, moshi mweusi nyuma. Sio ubovu. Kule juu ni zaidi ya mita 2,500, hewa nyepesi, na kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga mafuta yale yale wakati hewa imepungua, basi mafuta hayaungui yote na plagi inakuwa nyeusi. Anti alikuwa na bisibisi mkononi kabla sijamaliza kulalamika, akalegeza skrubu ya hewa nusu mzunguko kwenye zote tatu, zikapata nafuu. Muhimu: ukishuka huko chini irudishe kama ilivyokuwa, ukiacha injini itachemka. Ya Bosi ina injekshen, inajipimia yenyewe, ilipanda bila hata kukohoa, hapo lazima nimpe haki yake.

Alafu ukungu ukafunguka na tukawa Kitulo.

Nimeweka picha lakini picha hazisaidii. Ni uwanda wa majani hauna mti, umeviringika mpaka macho yanaishia, na kwenye majani kuna maua, ya njano, meupe, zambarau, mengine madogo inabidi uchuchumae. Wenyeji wanaita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ni hifadhi iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, sio tembo sio simba. Tulikutana na mzee anachunga, akatueleza kilichokuwa kinatokea zamani: watu walikuwa wanachimba viazi vya yale maua ya okidi kwa magunia vinapelekwa Zambia, kule wanapika chakula wanaita chikanda. Ukichimba kiazi ua ndo basi tena. Akasema hata sasa bado wapo wanaochimba usiku. Alisimulia huku ameegemea pikipiki ya Mwalimu na amekula nusu ya biskuti zetu, mtu mzuri sana.

Ukitaka kuingia kutembea kwenye maua kwa siku nzima unalipia kiingilio, na malipo ya hifadhi ni kwa kontrol namba, sio keshi, kwa hiyo weka hela kwenye simu ukiwa mjini mtandao bado upo. Msimu wa maua ni kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, ambao ndo msimu wa matope pia, huwezi kupata kimoja bila kingine. Na wanaotoka upande wa Chimala kuna njia ya kupanda Matamba yenye kona hamsini na saba, wenyewe wanazihesabu, hiyo hatukupita, naiweka kwenye orodha.

Matope sasa. Kuna vipande vya kifusi kigumu unapita vizuri, alafu unaingia kwenye udongo mweusi uliokorogwa na malori ya viazi. Pale ndo uzito unaongea. Boxer inazama unashuka unaisukuma huku imewashwa, imetoka. Lile dude la Bosi likizama, limezama, tukawa tunalitoa wanne na vijana wa viazi wawili. Mwalimu alidondoka taratibu kabisa, kama anaweka mtoto kitandani, akabaki amekaa kwenye tope anatuangalia, TVS bado inanguruma pembeni. Hakuumia. Kioo cha kushoto kilibaki Kitulo.

Kikondo tukanywa chai ya maziwa ya pale pale, tena mazito, nadhani nilikunywa vikombe vinne. Kutoka hapo unashuka. Na ukishuka huachi kushuka. Isyonje unaingia lami ya Mbeya Tukuyu, tukasimama wote tukaikanyaga kwa miguu kama tunahakiki. Anti akarudisha skrubu zake za hewa.

Kiwira, Tukuyu, migomba, chai, mvua bila shaka, Tukuyu bila mvua sijawahi kuiona. Tukala mbalaga kwa mama mmoja karibu na stendi, ndizi zimeiva na nyama na parachichi nusu kila mtu, elfu nne. Alipoona tulivyo akatuletea beseni la maji ya moto tuoshe mikono na nyuso kabla hata ya kuagiza, akasema ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa) mmefika, kaeni.

Kutoka Tukuyu kila kilomita tano unavua kitu. Sweta. Gazeti la mgongoni. Gazeti la kifuani. Asubuhi nilikuwa natetemeka zaidi ya mita 2,500, jioni niko chini ya mita 500 jasho linaingia machoni. Kikusya unakata kushoto, Ipinda, mashamba ya mpunga na kakao imeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, harufu yake ni kali kidogo kama pombe changa, kilomita 39 za lami mpaka Matema. Tumefika giza linaingia. Milima ya Livingstone imesimama pale pale mwisho wa barabara na ziwa mbele yako, hakuna mbele pengine pa kwenda.

Jumamosi: Matema

Pikipiki labda themanini, sikuhesabu. Cha kwanza kujifunza ni stendi ya pikipiki haisimami mchangani, tafuta jiwe bapa au ukanyage kopo la soda uweke chini. Usiku tulisikia zikianguka moja moja na wenyewe wakitukana kwa lugha mbalimbali.

Asubuhi kulikuwa na msafara wa kwenda Ipinda taa zimewashwa, mwendo wa pole, tukachangia helmeti kwa bodaboda wa pale, na mhudumu wa afya akaonyesha namna ya kumvua mtu helmeti akidondoka, inatakiwa watu wawili, mmoja anashika shingo. Kumbe wengi wetu tulikuwa tunavuta tu. Hicho kipindi cha nusu saa kilikuwa na thamani kuliko hotuba zote zilizofuata, ambazo nazipita.

Mchana ndo mbio za taratibu. Kama hujawahi kuziona: uwanja wa mpira, unachorewa njia nyembamba kwa chokaa, na anayefika WA MWISHO ndo mshindi. Ukigusa chini mguu umetoka, ukitoka kwenye chokaa umetoka. Wenye madude makubwa wote walikuwa na maneno mengi kabla. Dodoma mmoja akatoka mita ya tatu. Bosi alijitahidi, ile klachi ya shaba ikavumilia, akafika nusu. Aliyeshinda ni bodaboda wa Ipinda, kijana mwembamba na ndala, amezoea kupita sokoni na abiria wawili na gunia la mpunga. Alikuwa amesimama kabisa, pikipiki haiendi mbele wala nyuma, anacheza na klachi na breki ya nyuma tu, na watu wamekaa kimya wanasubiri aguse, hagusi. Alipovuka mstari watu wote wakaingia uwanjani kumbeba. Zawadi ilikuwa tairi mpya ya nyuma.

Chakula: mbasa wa kuchoma, wali wa mchele wa Kyela, elfu kumi sahani na samaki mzima. Ule mchele hauhitaji mboga kusema ukweli. Vyumba ufukweni vilishajaa, sisi tulilala kwenye mahema kwa elfu kumi kila mtu, na chandarua au dawa ya mbu usije bila.

Anti alitembea mpaka gulio la Lyulilo, mwendo mfupi tu kutoka Matema, akarudi na chungu. Wamama wa Kikisi wanavifinyanga upande wa Ikombe na kuvileta kwa mitumbwi, vyekundu vina michoro myeupe. Chungu chake kilikuwa kinafika kiunoni kwa mtoto wa darasa la kwanza. Tukamuuliza unakipelekaje Iringa. Akasema mizigo itanisaidia.

Jumapili: Matema, Tukuyu, Uyole

Siku ya lami na mvua. Chungu kilifungwa kwa vitenge viwili na mipira ya tyubu nyuma ya Boxer ya Anti, juu yake koti la mvua, kwa mbali unadhani amepakiza mtu amejikunja. Trafiki mmoja njiani alimsimamisha kwa sababu abiria hajavaa helmeti. Ikabidi Anti afunue. Trafiki akazunguka kile chungu, akauliza bei, akasema angejua angemwagiza na yeye, akakagua leseni na bima zetu wote, kila kitu kiko sawa, akatutakia safari njema.

Tukuyu kwenda Isyonje ukungu tena, tukapanda taratibu nyuma ya lori la ndizi. Daraja la Mungu na Ziwa Ngosi viko njia hiyo hiyo, kama una siku ya ziada itumie hapo, sisi tulikuwa na kazi Jumanne. Tukalala Uyole badala ya kuingia Mbeya mjini, elfu ishirini, foleni ya malori unaikwepa asubuhi.

Jumatatu: Uyole, Makambako, Iringa

Inyala nendeni kwa adabu, ule mteremko una historia mbaya na malori yanayoshuka breki zikiwa zimechoka. Sisi tulipita saa kumi na mbili kasoro, mapema kabla barabara haijachangamka. Baada ya hapo Igurusi, Chimala, Igawa, tambarare na joto na upepo wa pembeni unaosukuma, mashamba ya mpunga ya Usangu kushoto, sina zaidi ya kusema mpaka Makambako, tukala chipsi mayai pale pale pa siku ya kwanza na mama akatukumbuka kwa sababu ya Bosi alivyolalamikia pilipili.

Mafinga tulimkuta dereva wa Fuso ametoa kichwa dirishani anamuuliza Anti hicho chungu ni cha nini, wakaongea kwenye foleni dakika kumi, akamwambia lete nikupakizie mpaka Iringa bure. Anti akakataa. Tumefika Ipogolo saa kumi jioni, chungu kizima.

Gharama zangu, Boxer 150, zaidi kidogo ya kilomita elfu moja: mafuta hayakufika laki moja na yale ya chupa yakiwemo, kulala na kula kama laki na sitini, mchango wa Matema elfu thelathini. Bosi mafuta peke yake alizidi mara mbili yangu. Kesho yake nilibadili oili, ilitoka nyeusi tii, cheni imelegea karibu iguse chuma, na shoo za breki za nyuma zimeisha kabisa, zililiwa na mteremko wa Kikondo kwenda Isyonje maana nilikuwa nashuka kwa breki kuliko gia. Shoo mpya elfu nane na ufundi elfu mbili. Anayetaka kwenda mwezi wa kumi na mbili aseme mapema, Mwalimu anatafuta kioo cha kushoto cha TVS.